Mzigo Ukibadili Mikono: Kisumu na Historia ya Kupokezana Shehena

Barabara itokayo Kisumu kwenda Busia hupita Otonglo, soko la jirani na uwanja wa ndege, kabla ya kufika Kisian na kuanza kupanda kuelekea Maseno. Malori ya makontena hupita hapo usiku na mchana, mengi yakiwa yamebeba shehena tangu Mombasa, yakielekea Uganda na nchi za mbele yake. Pande hizohizo ipo reli ya Butere, iliyoongezwa kutoka Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ukirudi nyuma kilomita chache unaikuta bandari ambayo reli ya kwanza ya Kenya ilijengwa ili kuifikia. Si miji mingi ya Afrika Mashariki yenye reli, ziwa, barabara kuu na uwanja wa ndege kwa ukaribu wa namna hiyo. Hata hivyo kontena likipita Otonglo hupita juu ya matairi. Maelezo ya jambo hili yamezoeleka: reli ilichakaa, vyuma vyake vikaibwa, magugumaji yakaziba ghuba, serikali zikagombana. Yote yana ukweli, ila yanataja matokeo zaidi ya chanzo. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba hatima ya Kisumu tangu 1901 imeamuliwa na kipande kidogo sana cha safari, yaani pale mzigo unapotoka katika chombo kimoja kuingia katika kingine. Mahali hapo palipokuwa na mwenye kuwajibika mmoja, mwenye hati moja na ratiba moja, mzigo ulipita. Palipogawanywa, mzigo ulitafuta njia nyingine.

Tuanze na reli yenyewe. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na mnamo Desemba 1901 chuma cha mwisho kikalazwa kando ya ziwa hapo Kisumu, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Sehemu ya mwisho, kutoka kilele cha Mau kuteremka hadi Muhoroni na Kibos, ndiyo iliyowachosha wahandisi kuliko zote: madaraja ya chuma 27 yalitengenezwa na American Bridge Company ya Marekani na kusimikwa juu ya mabonde ambayo mvua iliyafanya matope matupu. Lakini kumbuka jina la reli hiyo. Iliitwa Reli ya Uganda, na haikufika Uganda. Iliishia majini. Tangu siku ya kwanza, basi, ilikuwa reli yenye pengo, na pengo hilo lilikuwa Kisumu. Waliochora ramani London walilijua hilo na hawakuliona kuwa aibu, kwa sababu meli ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa sehemu ya reli.

Meli hizo zilikuja zikiwa vipande. William Mackinnon ilitengenezwa Scotland mwaka 1890, ikafunguliwa na kufungashwa, na kwa sehemu kubwa ya miaka kumi iliyofuata vipande vyake vilikuwa vikisubiri njia na wapagazi hadi meli ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilipofika, zilifuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill iliyoanza kazi 1907, na nyingine baada yake, zote zikiwa zimeundwa Scotland, zikafunguliwa, zikaletwa kwa treni na kuunganishwa upya katika karakana ya Kisumu. Jambo la kuzingatia ni mwenye meli. Hazikuwa za kampuni ya wafanyabiashara wa ziwani, wala hazikuwa za serikali ya Entebbe. Zilikuwa za reli. Nahodha, mkuu wa stesheni, karani wa ghala na fundi wa karakana walilipwa na ofisi moja, na treni iliyochelewa Mau ilikuwa tatizo la mtu yuleyule aliyetakiwa kuizuia meli gatini isiondoke tupu.

Fuata pamba ya Teso, Uganda, kuanzia mwaka 1912, wakati reli ya Busoga kati ya Jinja na Namasagali ilipofunguliwa. Robota lilipakiwa katika meli ya Ziwa Kyoga, likashushwa Namasagali, likaingia katika behewa hadi Jinja, likapandishwa meli ya Ziwa Victoria, likashushwa Kisumu, likaingia katika behewa jingine, likateremka hadi bandari ya Mombasa, na hapo likasubiri meli ya bahari. Mabega ya makuli yalilibeba kila mara. Ukiihesabu njia hiyo kwa macho ya leo utasema haiwezekani: kubadili vyombo mara tatu kabla ya kuiona Bahari ya Hindi. Iliwezekana, na Uganda ikawa nchi ya pamba kupitia njia hiyo. Reli ya Busoga ilikuwa mali ya serikali ya Uganda lakini iliendeshwa na uongozi wa Reli ya Uganda, na hapo ndipo penye siri. Robota lilibadili vyombo kila hatua, ila halikubadili mwenye dhamana. Likipotea Namasagali au likilowa Kisumu, malalamiko yalikwenda katika ofisi ileile.

Mwenye kuipinga hoja hii ana silaha nzuri mkononi, nayo ni mwaka 1931. Kama mkono mmoja ndio uliomlinda Kisumu, mbona mkono huohuo ndio uliompiga? Ni kweli. Katika miaka ya 1920, chini ya meneja mkuu Christian Felling, reli mpya ilitoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa karibu mita 2,740 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikaingia Uganda kupitia Tororo, na baada ya daraja la Nile kufunguliwa Jinja mwaka 1931, treni iliweza kutoka Mombasa hadi Kampala bila mzigo kuguswa. Kisumu, mwisho wa reli kuu kwa miaka 30, akageuka kuwa tawi. Walowezi wa Uasin Gishu walishinikiza sana njia ipite kwao, wala sitasema uamuzi ulikuwa wa hesabu tupu. Lakini tazama uamuzi huo ulivyofanywa. Kwa kuwa ofisi moja ilishika treni na meli, iliweza kuona kwa vitabu vyake yenyewe gharama ya kushusha na kupakia Kisumu na Jinja, ikailinganisha na gharama ya kujenga, ikachagua. Tena haikuitupa Kisumu. Meli ziliendelea kuhudumia Mwanza, Bukoba na Musoma, kule ambako reli isingeweza kufika bila kuzunguka ziwa, na pamba na kahawa ya Tanganyika ziliendelea kupita Kisumu. Mkono mmoja hauuhakikishii mji wowote riziki ya milele. Unachohakikisha ni kwamba mahali pa kupokezana patatumika pale tu panapofaa, na pakitumika patafanya kazi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unakuja miaka 35 baadaye. East African Railways and Harbours, shirika lililounganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu 1948, liliagiza Yarrow ya Glasgow feri mbili za kubeba mabehewa. Ziliitwa Uhuru na Umoja, majina yanayoeleza mengi kuhusu miaka ile, zikaanza kazi mwaka 1966 kati ya Kisumu, Jinja, Musoma na Mwanza. Kila moja iliweza kuchukua mabehewa takriban 20. Hapa ndipo fundi wa Kisumu alipopata jibu la swali ambalo makuli walikuwa wakilijibu kwa mabega tangu 1901: badala ya kuhamisha mzigo, hamisha behewa zima. Behewa lililopakiwa Mombasa lilifika gatini, likasukumwa ndani ya feri, likavuka ziwa, likatoka upande wa pili juu ya reli ya upana uleule wa mita moja, na mlango wake haukufunguliwa mpaka kwa mwenye mali.

Kazi yenyewe ilitaka umakini ambao msafiri wa kawaida hakuuona. Kati ya nchi kavu na feri pana daraja lenye reli juu yake, lililofungwa upande mmoja na kuachwa lipande na kushuka upande mwingine kufuata maji. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini lina miaka yake: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 yakavuka hata alama hiyo. Kichwa cha treni hakipandi daraja hilo, ni kizito mno. Mabehewa matupu huwekwa katikati ili kichwa kisukume kikiwa mbali. Kisha mabehewa hayaingizwi ovyo. Ukijaza reli za upande wa kushoto kwanza, feri inalala. Kwa hiyo huingia kwa zamu, kulia na kushoto, mazito karibu na katikati, na mpangilio huo lazima ujulikane kabla treni haijafika gatini, kwa sababu uwanja wa mabehewa wa Kisumu hauna nafasi ya kuyachambua upya huku feri ikisubiri. Maana yake, karani wa Nakuru aliyekuwa akipanga treni usiku alikuwa akiipanga feri bila kuiona. Kupokezana huko kulianza mamia ya kilomita kabla ya maji.

Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa kama mirathi. Kenya ikabaki na Uhuru, Tanzania ikabaki na Umoja, Uganda ikaunda shirika lake. Ziwa halikupungua, reli hazikung'olewa, feri zilikuwa na umri wa miaka 11 tu, daraja la gatini lilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni kwamba behewa lililovuka maji sasa lilikuwa mali ya mgeni. Lirudi lini? Likikaa Jinja wiki tatu, nani amlipe nani? Likiharibika magurudumu Mwanza, nani anunue kipuri? Maswali hayo hayakuwahi kuwa na maana wakati behewa lilikuwa la shirika moja popote liendapo, na sasa kila nchi ilikuwa na sababu ya kutotaka mabehewa yake yavuke. Uganda iliyakabili kwa kununua uhuru wake: katika miaka ya 1980 ilipata feri tatu zilizojengwa Ubelgiji, Kabalega, Pamba na Kaawa. Idadi ya feri ziwani iliongezeka kuliko ilivyokuwa wakati wowote wa Jumuiya. Kwa hesabu ya vyombo, biashara ilipaswa kukua. Haikukua kwa kiwango hicho, na sioni namna ya kulieleza hilo kwa mtu anayeamini kwamba tatizo la Kisumu lilikuwa uhaba wa vyombo.

Kilichofuata nitakipita haraka, maana ni kuporomoka tu. Magugumaji yaliifunga ghuba ya Winam mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama, na nyingine za Uganda zikaondolewa kazini. Uhuru nayo ikafungwa gatini Kisumu kuanzia 2007, ikakaa miaka zaidi ya kumi.

Katika kipindi hichohicho lipo jambo linaloonekana kuivunja hoja yangu, na ni afadhali nilikabili. Mwezi Novemba 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi kampuni moja, Rift Valley Railways, reli zote mbili kwa mkataba wa miaka 25. Huo ulikuwa mkono mmoja tena, kutoka Mombasa hadi Kampala, baada ya miaka karibu 30 ya mikono miwili. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, huku kampuni ikilaumiwa kwa kutofikia malengo ya shehena na uwekezaji. Sitaki kujificha nyuma ya visingizio: mkono mmoja ulikuwepo na ukashindwa. Ila Waswahili walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Reli iliyopewa kampuni ile ilikuwa na vichwa vichache, njia iliyochoka, na mtaji ambao wanahisa waligombania kabla haujafika kazini. Mamlaka moja ni sharti la kupokezana vizuri, na sharti peke yake halitoshi. Aliyeuona mwaka 2017 na kuhitimisha kwamba kuunganisha usimamizi hakuna faida amechanganya upungufu wa fedha na upungufu wa mpangilio.

Pingamizi la pili ni la lori, na mara nyingi hutolewa kana kwamba linamaliza mjadala: barabara ilishinda kwa sababu ni ya haraka na inafika mlangoni. Chunguza ushindi huo. Kwa mafuta, kwa uchakavu wa barabara na kwa idadi ya watu wanaohitajika kwa kila tani, lori ni chombo ghali. Lakini lori lina dereva. Dereva huyo hupokea kontena Mombasa, akakagua lakiri, akapewa hati, na yeye ndiye anayelifikisha Kampala. Katikati hakuna karani wa kumkabidhi karani mwingine. Kama lakiri imevunjwa Busia, hakuna mjadala kuhusu nani alaumiwe. Lori, kwa maneno mengine, ni mkono mmoja wenye magurudumu, na ushindi wake dhidi ya reli ni ushahidi wa hoja hii zaidi ya kuwa pingamizi. Ndiyo maana hata msongamano wa mpakani Malaba na Busia, unaojulikana kwa foleni zake za kilomita nyingi, haukuwarudisha wenye mizigo kwenye reli. Walipendelea kuchelewa wakijua mzigo uko kwa nani.

Hapa sasa kontena linaingia, na pamoja nalo Naivasha. Kontena ndilo lililopaswa kuumaliza ugumu huu. Tangu Malcom McLean aliposafirisha masanduku 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston mwaka 1956, wazo lote ni kwamba mzigo hauguswi, sanduku ndilo linalobebwa. Kenya ililipokea wazo hilo mapema: bandari ya nchi kavu ya Embakasi ilifunguliwa mwaka 1984, na za Kisumu na Eldoret zikafuata katika miaka ya 1990. Kisha reli mpya ya kisasa, SGR, ikafika Nairobi Mei 2017, na Oktoba 2019 ikafika Naivasha, ikakomea Suswa na Mai Mahiu, penye upana wa milimita 1,435 upande mmoja na milimita 1,000 upande wa pili. Reli ya kilomita 24 hivi iliongezwa ili kuiunganisha bandari ya nchi kavu ya Naivasha na stesheni ya zamani ya Longonot. Baada ya miaka 118, Kenya ilikuwa tena na reli kuu inayoishia mahali ambapo mzigo lazima ubadili chombo. Port Florence alikuwa amehamia Bonde la Ufa.

Kuhamisha kontena kutoka treni hadi treni si kazi ngumu kwa mtambo. Treni mbili husimama sambamba, kreni yenye miguu pande zote mbili hushuka, kucha zake nne hushika pembe nne za kontena, hujifunga, hunyanyua, huteleza mita chache na kushusha juu ya behewa la pili, ambako pini za behewa hufungwa. Karani husoma namba, herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki zile zilizotangulia, hutazama lakiri, hutia alama. Dakika chache. Ugumu uko katika hesabu. Treni ya SGR huvuta makontena 108 ya futi 20. Treni ya reli ya mita moja, itakayopanda Mau na kukata kona za wahandisi wa 1900, haivuti hata nusu ya hayo. Kwa hiyo kila treni moja inayoingia inahitaji treni tatu au zaidi zinazotoka, na vichwa vyake, na madereva wake, na nafasi yake katika njia moja yenye stesheni chache za kupishania. Behewa la SGR pia hubeba uzito mkubwa kwa kila ekseli kuliko reli ya zamani inavyoweza kustahimili, hivyo makontena mawili mazito yaliyokaa pamoja kutoka Mombasa huenda yakahitaji kutenganishwa Naivasha. Nani anayejua uzito huo? Bandari ya Mombasa. Nani anayejua vichwa vingapi viko Nakuru? Shirika la Reli. Nani anayejua kontena lipi limelipiwa ushuru? Forodha ya Kenya, na ile ya Uganda. Wasipoambiana kabla treni haijaondoka Mombasa, kontena linashushwa chini, linapangwa, na siku nyingine linanyanyuliwa tena. Kila mnyanyuo hulipiwa, na siku za kulala huwa na tozo zake.

Serikali ilijaribu kuzijaza treni kwa amri. Mwezi Juni 2020, hofu ya korona ikiwa sababu mojawapo, mizigo ya nchi jirani ilitakiwa kwenda Naivasha kwa SGR, ambako malori yangeichukua. Uganda na Rwanda zililalamika kuhusu gharama, na Mombasa ilipoteza kazi nyingi za wasafirishaji na mawakala. Septemba 2022 serikali mpya ikaifuta amri na kurudisha kazi ya kuondoa mizigo Mombasa. Wengi waliisoma miaka hiyo miwili kama vita kati ya miji. Mimi naiona kama jaribio lililothibitisha kanuni ya zamani: unaweza kumlazimisha mwenye mzigo aende mahali pa kupokezana, huwezi kumlazimisha apaamini. Linganisha na lililofanyika mwaka 2014, wakati Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha eneo moja la forodha, maofisa wa kodi wa Uganda wakawekwa Mombasa na ushuru ukalipwa hapohapo bandarini kabla mzigo haujaondoka. Hakuna kreni iliyonunuliwa, wala reli iliyolazwa. Mkono mmoja wa karatasi ulitosha kupunguza siku za safari kwa namna iliyoonekana, na walionufaika haraka zaidi ni wenye malori, kwa kuwa upande wa chombo walikwisha kuwa na mkono mmoja.

Je, tungoje tu SGR ifike Kisumu? Hilo ndilo jibu la wanasiasa wengi wa Nyanza, nami naelewa hamu yao. Mpango wa kilomita zaidi ya 260 kutoka Naivasha hadi Kisumu, pamoja na bandari mpya, umekuwepo tangu miaka ya 2010, na ulikwama fedha za China zilipokosekana. Ukijengwa, utahamisha pengo kutoka Naivasha hadi Kisumu. Hautaliondoa. Upande wa pili wa maji bado kuna bandari ya Uganda ya Port Bell na reli ya mita moja. Hata bila maji, tofauti za upana zipo duniani kote na nyingine zinafanya kazi vizuri: huko Małaszewicze, Poland, na Khorgos, Kazakhstan, treni za China hubadilishana makontena na treni za upana mwingine kila siku. Na tofauti ndogo inaweza kushinda nchi. Tanzania ina reli ya TAZARA yenye milimita 1,067 na reli ya kati yenye 1,000, zinazokutana Kidatu, ambako kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa mwaka 1998. Milimita 67 tu. Kituo kipo, kreni zipo, na bado Kidatu haijawahi kuwa jina linalotajwa na wafanyabiashara wa Lusaka au Mwanza, kwa kuwa pande mbili za uwanja ule ni za mashirika mawili yenye ratiba mbili.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu zaidi. Shirika moja lenye reli, gati na meli ni ukiritimba, na ukiritimba wa Kisumu haukuwa wa haki. Viwango vya nauli vya wakati wa ukoloni viliwapendelea walowezi waliouza mahindi na ngano nje, huku bidhaa ambazo Mwafrika wa kawaida alinunua, nguo na majembe, zikitozwa zaidi. Wafanyakazi wa Kisumu waliolipwa kidogo ndio waliobeba nafuu hiyo kwa mabega yao. Hakuna sababu ya kuyatamani mambo hayo yarudi. Lakini nauli na makabidhiano ni mambo mawili. Inawezekana kuwa na wasafirishaji wengi wanaoshindana kwa bei juu ya reli na ziwa, huku mahali pa kupokezana, uwanja wa mabehewa, daraja la feri na kompyuta inayojua kontena liko wapi, pakiwa chini ya mwendeshaji mmoja anayewajibika kwa wote na kusimamiwa na sheria ya wazi. Viwanja vya ndege huendeshwa hivyo kila siku, mashirika kwa makumi na mnara mmoja wa kuongoza.

Kisumu ya sasa ina karibu kila kitu isipokuwa mwendeshaji huyo mmoja. Bandari ilikarabatiwa kuanzia 2019 kwa takriban shilingi bilioni 3. Uhuru ilirudi kazini mwishoni mwa mwaka huo, ikibeba mafuta na mizigo hadi Port Bell, na baadaye Uhuru II ikaundwa papo hapo Kisumu na Kenya Shipyards kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi. Kilomita 217 za reli kutoka Nakuru zilifufuliwa, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021. Gati la mafuta la Kenya Pipeline lilikamilika mwaka 2018 na likakaa karibu bila kazi kwa miaka kadhaa, likisubiri matangi na meli za upande wa Uganda ambazo hazikuwa katika ratiba ya waliolijenga. Gati hilo lilijengwa vizuri, bomba lake lilifanya kazi, na mafuta yaliendelea kupita Otonglo kwa malori ya tangi.